Zamu Haiozi

Milembe alikuwa amekandamiza kichwa cha mashine ya ultrasaundi chini ya ziwa la kushoto la mgonjwa wake, jeli imetiririka hadi kwenye khanga, na bado hakutaka kuyaamini macho yake. Aliuvuta mkono nyuma kidogo, akaupinda, akakandamiza tena. Moyo ukarudi kwenye kioo, uleule.

"Unanitafutia nini humo, mwanangu?" Mama Elieshi aliuliza. "Kama ni dhambi, ziko upande wa pili."

Mbonea, muuguzi wa kituo, alikuwa akikunja mashuka karibu na dirisha. "Za upande wa pili zinataka mashine kubwa zaidi, Mama. Hii yetu ni ya kijijini."

"Waiagize hiyo kubwa. Nikimaliza mimi, waingie ukoo wako mzima."

"Geuka ubavu kidogo, Mama," Milembe alisema. "Toa pumzi. Usivute nyingine kwanza."

Mama Elieshi akatii. Alikuwa mkulima wa tangawizi, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya usharika, na mwanamke asiyependa kunyamazishwa, lakini kwenye kitanda hiki alikuwa mtiifu. Mwaka uliopita aliletwa hapa kwenye machela, midomo ya buluu, sehemu nzima ya ukuta wa moyo wake imekufa. Ultrasaundi ya siku ile ilionyesha ukuta mwembamba unaotikisika kama turubai kuukuu. Baada ya dawa ya kufungua, ukuta ulijaa. Nyama mpya iliota mahali pa kovu, na Milembe aliwahi kumwita Mbonea aje atazame tu, bila sababu nyingine, kwa kuwa ulikuwa moyo mzuri.

Sasa ukuta ulikuwa umepita kiasi. Ulikuwa umevimba kuelekea ndani na kukipunguza chumba cha kushoto. Lakini si unene uliomtisha Milembe. Kona moja ya ile nyama mpya ilikuwa ikijikunja mapema kidogo kabla ya sehemu nyingine, kama mwimbaji anayeanza ubeti kabla ya mwalimu kushusha mkono.

"Vuta pumzi, Mama." Akafuta jeli taratibu. "Siku hizi unasikia nini kifuani?"

"Nasikia ndege. Anapapatika, anatulia. Nilidhani ni uzee umepata mlango."

"Umewahi kuanguka?"

"Kuanguka, hapana. Juzi shambani nilikaa chini bila kupenda."

Mbonea akaacha kukunja shuka.

"Mama," Milembe aliuliza, "kile kibandiko cha kufunga, ulikibandika?"

"Nilikibandika. Hapa." Aligusa chini ya mtulinga. "Mpaka ngozi ikawasha."

"Lini?"

"Nilipomaliza kuvuna tangawizi."

Milembe alimtazama. Alikumbuka vizuri siku aliyompa kibandiko. Mama Elieshi alikuwa ametoka shambani, amelalamika kwamba tangawizi bado ina majani mabichi na mvua haitaki kuondoka. Tangawizi haivunwi mpaka majani yanyauke. Kati ya siku ile na mavuno msimu mzima ulikuwa umepita.

"Nilikupa ubandike siku ileile, Mama."

"Ah, kile!" Mama Elieshi alikuwa tayari ameketi, anajifunga khanga. "Kile nilimwazima Yonazi. Nilichobandika mimi ni cha kwake, aliponirudishia."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeeleza sufuria ilikwenda kwa jirani gani na ilirudi lini.

*

Milembe alikuwa mtu wa Maswa, Usukumani, nchi ya tambarare ambako maji huchimbwa au husubiriwa. Alipopangiwa kituo cha moyo cha Ikongwe, juu kabisa katika milima ya Upare, kitu cha kwanza alichokipenda kilikuwa ndiva. Lilikuwa bwawa la udongo na mawe, la tangu enzi za mababu, lililokusanya maji ya chemchemi usiku kucha. Alfajiri mwenye zamu alizibua mlango wake kwa mti mrefu, na maji yakashuka kwenye mfereji, shamba kwa shamba. Siku hizi maji hayohayo yalizungusha mtambo mdogo wa umeme kabla ya kufika mashambani. Kituo kiliishi kwa umeme huo, kwani kwa sehemu kubwa ya mwaka ukungu ulizifunika paneli za jua zikawa kama sinia zilizosahauliwa juu ya paa.

Kwa hiyo alipotakiwa kuwaeleza wagonjwa wa kwanza dawa wanayopewa, aliwapeleka kwenye ukingo wa ndiva. Aliona amepata mfano usio na kasoro.

"Ndani ya kila chembe ya mwili kuna maandishi," aliwaambia siku ile. "Sehemu ndogo ya maandishi hayo ni maelekezo ya kutengeneza protini, yaani nyama yenyewe, damu yenyewe. Sehemu kubwa haitengenezi chochote. Wataalamu wa zamani waliiita makapi."

"Walimaliza shule hao?" Mama Elieshi alikuwa ameuliza, watu wakacheka.

"Walimaliza, Mama. Baadaye wakaona kwamba kutoka kwenye hayo makapi hutoka nyuzi, zinaitwa RNA, ambazo hazipiki kitu. Kazi yake ni kuamuru. Huyu aseme, huyu anyamaze. Mishipa ikiziba, moyo ukitanuka, kovu likikua kupita kiasi, mara nyingi ukichunguza unakuta hizo nyuzi za amri zimezidi au zimepungua."

Kisha akaonyesha mlango wa ndiva. Moyo wa mtu mzima, alisema, umefungwa. Nyama yake ikifa haizaliwi tena, panabaki kovu. Dawa ya kwanza ni uzi wa kufungua. Unauambia moyo uote tena, kama moyo wa mtoto tumboni. Dawa ya pili ni uzi wa kufunga, unaowekwa kwenye kibandiko cha ngozi, wa kuuambia moyo umetosha.

Mzee Yonazi, fundi seremala aliyekuwa na moyo uliotanuka kwa presha ya miaka mingi, alikuwa amenyoosha mkono. "Huo wa kufungua hauchoki wenyewe?"

"Swali zuri. Uzi wa kawaida wa RNA huoza upesi, kwa sababu una ncha, na chembe huanza kuula kwenye ncha. Huu wetu tumeuunga ncha kwa ncha ukawa pete. Pete haina pa kuanzia. Itakaa humo ikiamuru 'ota, ota' mpaka uzi wa kufunga uje kuikamata na kuipasua."

"Na nisipoupata huo wa kufunga?"

"Utaupata. Kila mtu ana zamu yake, kama hapa. Zamu yako ni yako, Mzee. Hakuna wa kukunyang'anya."

Waliitikia kwa vichwa, wote. Mbonea, mzaliwa wa hapo, aliitikia pia. Milembe aliteremka kutoka ndivani siku ile akiwa mwepesi, akijipongeza kimoyomoyo kwamba madaktari wengi hawajui kusema na watu, na yeye anajua.

Sasa, mbele ya kioo cha ultrasaundi kilichobaki cheusi, alimgeukia Mbonea. "Zamu ya maji huazimwa?"

Mbonea alimtazama kama aliyeulizwa kama ugali huliwa. "Huazimwa, Daktari. Jirani mche wake ukikauka na wewe wako unavumilia, unampa zamu. Yake ikifika anakurudishia. Asiporudisha ni kesi, na sisi kwa kesi unatujua."

"Tunauza ng'ombe tushinde kesi ya kuku," Mama Elieshi alisaidia.

"Na akichelewa kurudisha?"

"Hakuna kuchelewa," alisema Mama Elieshi. "Unaichukua unapoitaka. Zamu haiozi."

*

Mzee Yonazi alikuja mwenyewe kabla ya kuitwa mara ya pili. Alipanda ngazi za kituo bila kupumzika, jambo ambalo zamani lingemlaza wiki nzima, na afya yake ile ikawa kama kitu alichokiiba na kuja nacho mkononi. Alivua kofia.

"Nimesikia Mama Elieshi amelazwa."

"Nimelazwa, sijafa," sauti ilitoka wodini, nyuma ya pazia. "Kaa chini, Baba Tumaini, unanikingia upepo."

Alikaa kwenye benchi. Alieleza polepole, akipangusa vumbi la mbao lisilokuwepo kwenye magoti. Daktari alikumbuka ule mpiko ulioharibika? Milembe alikumbuka. Chungu, mtambo wa kupika nyuzi za RNA, ulikuwa umetoa vibandiko viwili, kimoja kikaonyesha alama nyekundu kwenye kona, maana yake uzi umekufa. Kizima alipewa Mama Elieshi, aliyekuwa mbele kwenye orodha. Mzee Yonazi aliambiwa asubiri mpiko mwingine, na kwa vipimo vyake angeweza kusubiri.

"Lakini moyo wangu ulikuwa unaruka," alisema. "Nilikuwa nimeingiwa na hofu, Daktari. Sikukuambia kwa sababu ungeniambia ni hofu tu. Nilimwambia Mama Elieshi kwenye mfereji. Akaniuliza, 'Wewe unaona unakauka?' Nikamwambia nakauka. Akanipa."

"Na chako kilipotoka?"

"Nilikipeleka siku hiyohiyo, kwenye kile kichupa chenye barafu. Sikukiweka hata chini. Akasema, 'Kikae kwako, niko na mavuno.' Nikakiweka kabatini, mahali penye kivuli." Alinyanyua macho. "Nilikitunza, Daktari. Mtoto hakukigusa."

Alitoa kitambaa mfukoni, akakifungua. Ndani kulikuwa na ganda la kibandiko lililotumika. Alikuwa amelichukua kwa Mama Elieshi akalihifadhi, kama watu wanavyohifadhi ushahidi kwamba deni limelipwa. Kwenye kona alama ilikuwa imekolea wekundu. Barafu ilikuwa imeyeyuka zamani sana. Mama Elieshi alikuwa amebandika karatasi yenye maji.

Milembe hakuweza kuwakasirikia. Alijaribu. Aliwatafutia uzembe, ukaidi, ujinga, akakuta majirani wawili waliofanya kila kitu sawasawa, kila mmoja kwa uaminifu ambao angetamani kuuona kwa wenzake wa chuoni. Walikuwa wametii mfano wake kuliko yeye mwenyewe alivyouelewa. Aliwaonyesha mlango wa ndiva. Sheria ya ndiva hakuijua, na hakuwahi kuuliza.

"Kinaweza kutolewa?" Mzee Yonazi aliuliza. "Kile kilichonifunga mimi. Kitolewe, arudishiwe."

"Hakipo tena, Mzee. Kilipasua pete, na chenyewe kikaisha."

Mzee Yonazi alikaa akiigeuza kofia yake. Kisha akasema kwa sauti ya chini ili pazia lisisikie, "Basi nimekunywa maji ya mtu."

*

Chungu kilikuwa katika chumba cha nyuma, kikubwa kama jokofu, kikinguruma kwa sauti ya paka. Kiangazi kilikuwa kimeishusha ndiva hadi kwenye tope la pembeni, na mtambo wa umeme ulizunguka saa chache tu kwa siku. Kwa umeme huo Chungu kilikuwa kikipika kibandiko kimoja. Kingeiva kesho asubuhi. Kingine, ndiva ikijaa kidogo, labda wiki tatu, labda zaidi.

Kibandiko hicho kilikuwa na mwenyewe. Nakiete, mama wa mtoto anayenyonya, moyo wake ulidhoofika baada ya kujifungua. Alifunguliwa kwa wakati, ukuta wake umejaa vizuri, na siku zake za kibandiko cha kufunga zilikuwa zimefika. Alikuwa ameshakuja tangu mchana, mtoto mgongoni, kulala kwa shangazi yake jirani na kituo ili asubuhi awahi.

Milembe aliwapigia wenzake wa Moshi. Kule kulikuwa na vyungu vikubwa. Aliwatumia picha za moyo wa Mama Elieshi, akangoja, akajibiwa na kijana mwenye adabu kwamba vyungu vyote vina foleni na uzi wa kufunga lazima ulingane na pete iliyopikwa Ikongwe, kwa hiyo hata wakianza leo si kabla ya mwezi ujao. Je, alikuwa amefikiria kumshusha mgonjwa? Alikuwa amefikiria. Njia ya kushuka ilikuwa ya pikipiki na mawe, na ule moyo ungeweza kukatiza ubeti kwenye kona yoyote.

"Tugawe," Mbonea alisema. Walikuwa wamesimama mbele ya Chungu kama watu walioalikwa lakini mwenye nyumba hayupo. "Nusu kwa nusu. Maji yakipungua ndivyo tunavyofanya."

"Ukipasua nusu ya pete, nusu ya chembe zinatulia na kukomaa, nusu zinaendelea kuota. Moyo mmoja unakuwa na watu wawili ndani, kila mmoja na wimbo wake. Bora kukosa kabisa, Mbonea."

Muuguzi akasema, bila kumtazama, "Kwa sheria ya huku, anayerudishiwa zamu hutangulia. Kabla ya mwenye zamu ya siku. Hata kama mwenye zamu ya siku ana shamba kubwa. Ukimuuliza Nakiete mwenyewe atampa, leo hii, hata hatafikiri."

"Najua."

"Basi."

"Ndiyo maana simuulizi."

Mbonea alimgeukia. Alikuwa mwanamume mpole, lakini uso wake ulikuwa umekaza. "Mama Elieshi alinibatiza, Daktari. Yaani alinishika siku ya ubatizo wangu. Sisemi kwa ajili hiyo."

"Hata ungesema kwa ajili hiyo, nisingekulaumu."

Milembe aliegemea meza. Alijaribu kulipima jambo hilo kama alivyofundishwa, upande mmoja kisha mwingine. Nakiete akifungwa kesho, karibu kwa hakika atapona, ataishi, atamlea mtoto. Akikosa, siku zake zitapita na atakuwa Mama Elieshi wa pili. Mama Elieshi akifungwa kesho, huenda zile chembe zilizoasi zikasikia amri, huenda zisisikie. Zilikuwa zimeota muda mrefu bila mkubwa. Kwa kipimo cha tiba, jibu lilikuwa wazi kiasi cha kutisha.

Lakini Mama Elieshi hakuwa mgonjwa aliyepuuza dawa. Alikuwa ametoa. Na alitoa kwa sababu mtu aliyemwamini alimwambia, mbele ya watu, kwamba kitu hiki ni kama maji. Kuna kipimo gani cha hilo? Milembe alikitafuta kwa uaminifu, akisikiliza Chungu kinavyonguruma, na hakukipata. Alichokipata ni kwamba hatia yake haina haki ya kulipwa kwa moyo wa Nakiete.

"Kesho ni cha Nakiete," alisema.

Mbonea akaitikia, "Sawa." Akachukua ufagio, akaanza kufagia chumba kilichokuwa safi.

*

Jua lilikuwa bado halijazama lakini ukungu ulishafika kwenye madirisha, na wodini waliwasha taa. Mama Elieshi alikuwa ameegemea mito, nyaya za kipima mapigo zikitoka kwenye gauni, Mzee Yonazi amekaa miguuni pake akimenya chungwa kwa uangalifu wa fundi, ganda moja refu lisilokatika. Milembe alipoingia, wote wawili walimtazama mikono kwanza.

Alivuta kigoda, akakaa chini kuliko kitanda.

"Mama, nina jambo gumu."

"Sema. Yonazi atalia kwa niaba yangu, amezoea."

Akamweleza. Hakutumia mfano wowote. Alisema nyama mpya ya moyo imeendelea kuota, na sehemu yake moja imeanza kupiga peke yake. Alisema inaweza kuusimamisha moyo ghafla. Alisema kibandiko alichobandika kilikuwa kimekufa. Alisema kipo kimoja kesho, na ni cha mtu mwingine, na atapewa huyo mtu mwingine. Mama Elieshi atapewa dawa ya kutuliza mapigo, atalala hapa kwenye nyaya, na Chungu kitaanza kupika chake kesho hiyohiyo, mara umeme utakapopatikana.

"Na mpaka hapo?"

"Mpaka hapo tunangoja, Mama."

"Moyo wangu nao utangoja?"

"Sijui."

Kipima mapigo kilipiga, kikapiga, kikaruka, kikapiga. Mzee Yonazi aliliweka chungwa kwenye sahani.

"Ni zamu yangu," Mama Elieshi alisema. Mzaha ulikuwa umemtoka sautini. Bila mzaha, sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko Milembe alivyodhani. "Nilimwazima, sikumpa. Nikimwazima mtu narudishiwa. Mimi si malaika, mwanangu. Nilimwazima nikijua nitarudishiwa. Ningejua haya ningemwacha aruke na moyo wake huko kwenye mfereji." Akamgeukia Mzee Yonazi. "Unisamehe, lakini ningekuacha."

"Ungeniacha," Mzee Yonazi alikubali. "Ingekuwa haki."

"Usinikubalie kila kitu!"

"Mama," Milembe alisema, "una haki. Kosa si la kwako wala la Mzee. Niliwaambia ni kama ndiva. Nilitaka mwelewe upesi. Si kama ndiva. Maji ukimpa jirani, shamba lako linakungoja na kiu yake. Hii ukimpa jirani, moyo wako haungoji."

"Ungesema hivyo siku ile."

"Ningesema hivyo siku ile."

Mama Elieshi alimtazama kwa muda mrefu. Hakukuwa na msamaha usoni mwake, na Milembe hakuutafuta. Aliona hesabu nyingine ikifanyika pale, ya mwanamke aliyezoea kugawa mambo magumu.

"Huyo wa kesho ni nani?"

"Siwezi kukuambia, Mama."

"Ni huyu mwenye mtoto. Nilimsikia mtoto mchana." Akafumba macho. "Sikukuambia umpe. Sitaki iimbwe kwenye msiba wangu kwamba nilimpa. Umechukua wewe. Ukubali hivyo."

"Nimechukua mimi."

"Basi." Alinyoosha mkono, akachukua kipande cha chungwa kutoka kwenye sahani, akakitazama bila kukila. "Wengine uliowafundisha pale ndivani, umeshawaita?"

Milembe alishtuka. Alikuwa amefikiria moyo mmoja, na mwingine mmoja. Hakuwa amefikiria wengine.

"Wapo wengine walioazimana?"

Mzee Yonazi na Mama Elieshi walitazamana, na kwa kutazamana kule alipata jibu.

"Vibandiko, sijui," Mzee Yonazi alisema. "Lakini vile vidonge vya presha huwa vinazunguka."

"Waite kesho," Mama Elieshi alisema. "Waje hapa, mimi nikiwa hapa kitandani wanione. Uwaeleze upya. Ila maji usiyataje, mwanangu. Wala mfereji. Tafuta kitu kingine."

"Kitu gani?"

"Mimi nimesoma? Tafuta."

Milembe alirudi kwenye meza yake. Mbonea alikuwa ameshaandaa lebo ya kesho na kuiacha hapo, jina la Nakiete kwa herufi zake nadhifu, na pembeni lebo nyingine tupu, ya mpiko utakaofuata. Alichukua karatasi na kuandika juu yake: *Kibandiko cha kufunga ni kama*. Akakaa akilitazama neno la mwisho. Alifikiria mbegu, lakini mbegu huazimwa. Alifikiria moto wa jikoni, na moto huombwa kwa jirani kila asubuhi. Alifikiria ng'ombe wa kwao Maswa, kisha akakumbuka kwamba hata ng'ombe baba yake alimweka kwa rafiki, na rafiki huyo akanywa maziwa yake. Kila kitu kizuri alichowahi kukijua, watu walikuwa wanapeana.

Kutoka wodini alisikia mapigo, na sauti ya Mama Elieshi ikimwambia Mzee Yonazi asimenye lingine, hili la kwanza bado. Alilikata neno la mwisho, akaacha sentensi bila mguu, akaiweka karatasi chini ya lebo tupu ili upepo usiichukue.

Kisha akaenda kukaa nao. Mengine kesho.